Bega kuuma baada ya kuvunwa mayai, usilale nalo

Wadada zangu mnaojiandaa kuvunwa mayai kwa ajili ya IVF (kutungisha mimba nje ya mwili, maabara), leo naongelea kitu ambacho hakitokei mara nyingi, ila kwangu kilitokea na nusura nikipuuze.

Zoezi lenyewe halikufika hata nusu saa, nikachomwa dawa ya usingizi, daktari akapitisha sindano ndefu ukeni huku anaangalia altrasaundi, akafyonza mayai, jioni niko nyumbani. Tumbo kujaa, kukaza kama la siku zako, matone machache kwenye pedi, hayo nilishaambiwa ni kawaida. Usiku ndo bega la kulia likaanza kuuma. Bega! Nikajua nimelalia vibaya, nikameza dawa ya maumivu, nikilala chali linazidi, nikisimama kizunguzungu, moyo unaenda mbio, na pedi bado safi, ndo maana hata mume wangu akasema we pumzika tu.

Kumbe damu ilikuwa inavujia ndani. Ovari, yaani kifuko cha mayai, ina mishipa mingi ya damu na ile sindano inaitoboa kweli, kwa wengi damu inakata yenyewe, mara chache sana inagoma. Ikijaa tumboni inausumbua ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, na neva za huo msuli zinatokea shingoni sehemu moja na za bega, so wewe unasikia bega. Pedi haiwezi kukuonyesha hilo hata kidogo! Nilifanyiwa upasuaji wa matundu na kuongezewa damu, namshukuru Mungu ovari ilibaki.

Na sio damu tu. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika, ovari inaweza kuwa imejisokota, hapo ni kukimbia hospitali maana ikikosa damu inakufa. Homa kuanzia 38 ni dalili ya maambukizi, yanaweza kuja hata siku kadhaa baadaye, na kama una uvimbe wa endometriosisi (tishu kama za ukuta wa mji wa mimba zinazoota nje yake) kwenye ovari mwambie daktari mapema, maana hatari ya maambukizi inaongezeka. Uzito ukipanda kilo nzima kwa siku, mkojo ukapungua, pumzi ikakata, huenda ovari zimechochewa kupita kiasi na zile dawa za kukuza mayai, usisubiri asubuhi.

Namba ya dharura ya kliniki iingize kwenye simu yako na ya mwenzio kabla hujachomwa usingizi, mi nilikuwa naitafuta kwenye makaratasi saa nane usiku huku naona giza.