Shangazi, wateja wananikimbia kwenye grupu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani niko Morogoro, nashona nguo za kike na sare za shule. Mwaka jana nilifungua grupu la WhatsApp nikaingiza namba za wateja wangu wote, walikuwa 140, naposti mishono asubuhi na jioni ila wanalefti tu, wamebaki 60 na kidogo na hao nao kimya. Sitaki kuficha, Idi iliyopita nilichelewesha nguo za wateja kama sita hivi. Shoga angu ananishauri nipeleke mchele na sabuni kituo cha yatima nipige picha niposti watu waone nina moyo. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na hao sita maana hapo ndo pameniuma. Gauni la Idi likitoka siku ya pili ya Idi halina kazi tena, mtu keshaswali na nguo ya zamani, na huyo halefti grupu tu, anakusema saluni, anakusema msibani, kila anapokaa. Wapigie mmoja mmoja, meseji usitume, waombe radhi na kama unaweza washonee hata foronya. Na Ramadhani ijayo ukiingia kumi la mwisho kitambaa kipya usipokee, bora mteja anune leo.

Haya, grupu. Uliwaingiza bila kuwauliza, na kwenye grupu namba ya kila mtu inaonekana na wote, humo kuna wake za watu, halafu tangu tarehe 1 Mei 2023 sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inafanya kazi hapa kwetu, kwa hiyo namba ya mteja sio ya kugawa. Tumia stetasi, au brodikasti, yaani meseji moja inayomwendea kila mtu peke yake, ila brodikasti inamfikia yule tu aliyesevu namba yako, basi siku unampima mtu mwambie hapo hapo akusevu. Grupu waachie wanaolitaka wenyewe, na wawe wanaongea, mmoja anauliza kitenge gani hakichuji mwingine anamjibu, na wewe unajibu hata pale ambapo hakuna hela. Na posti nguo ulizoshona kwa mkono wako, kwa ruhusa ya mwenye nguo, maana mishono ya kudaunilodi kila mtu anayo kwenye simu yake.

La yatima hapana. Ukitaka kuwapelekea mchele peleka, simu iache nyumbani, wale watoto sio tangazo la mtu. Wewe una cherehani mwanangu! Kila Januari shule zinafunguliwa na kuna sare zimepasuka, zipu zimekufa, sketi zimekuwa fupi, na mama mwenye watoto wanne hana hela ya mpya. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako umuombe kibaraza cha ofisi Jumamosi moja kabla shule hazijafunguliwa, beba cherehani ya mguu umeme usikusumbue, tangazeni mtu alete sare imefuliwa arekebishiwe bure. Waite na mafundi wenzio wa hapo Kihonda au popote ulipo, hata wale mnaogombania wateja, peke yako hutaweza ile foleni. Bango usiweke. Mama amekaa kwenye benchi saa nzima anautazama mkono wako unavyofanya kazi, namba ataiomba mwenyewe.

Na sketi ukizishusha acha pindo, hata inchi moja, mtoto akirefuka tena mwakani atakuletea.