Kondoo wanatupa mimba baada ya mvua, nichinje au nichome sindano?

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Kongwa, Dodoma. Mvua safari hii imezidi, mbuga yote imejaa maji na mbu ni balaa. Ndani ya wiki moja kondoo 11 wametupa mimba na watoto watano wamekufa. Kuna jamaa kaja kawachoma wote OTC, ile antibayotiki, anasema turudie siku ya tatu. Je turudie? Na waliozidiwa niwachinje kabla hawajafa nisile hasara? Nyumbani tunalala kwenye neti na banda nimeshapuliza dawa ya mbu.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kisu weka chini kwanza, usichinje hata mmoja.

Mvua kubwa, mbu, mimba zinatoka kwa mkupuo na watoto wanakufa, hapo mimi nawaza homa ya Bonde la Ufa kabla ya kitu kingine. Brusela, ugonjwa wa bakteria, nayo inatupa mimba kwa hiyo damu lazima ipimwe, ila brusela haifagii zizi zima ndani ya wiki.

Sasa hilo la neti. Umefanya vizuri, endelea, lakini hapa ndo watu wananiumiza roho kila msimu, wakishasikia ugonjwa wa mbu wanaona neti imemaliza kazi. Ni kweli mbu ndo anaanzisha, mayai ya mbu aina ya Aedes yenye virusi yanakaa kwenye udongo mkavu wa mbuga miaka na miaka, maji yakituama yanaanguliwa, ndo maana ugonjwa unapotea muda mrefu mpaka watu wanausahau halafu unarudi na mvua kama za El Niño. Lakini binadamu wengi wanaoupata wameupata kwenye damu na majimaji ya mnyama mgonjwa, yule anayechinja, anayechuna, anayemzalisha kondoo, mtoto aliyetumwa akatupe kile kitoto kilichotoka. Nimeshafika boma moja neti mpya inaning'inia ndani, nje mama anavuta kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na kidole kimoja kakifunga kipande cha kanga kwa sababu kilikatwa na kisu jana yake. Mwaka 2007 hapa Tanzania walihesabiwa wagonjwa 264, wakafariki 109, na Dodoma yetu ndo iliumia zaidi. Wengi wakiambukizwa wanapata homa tu wanapona bila hata kufika hospitali, ila akizidiwa mtu anaweza kutoka damu, wengine ini, wengine macho yanaharibika.

OTC usirudie. Ile ni ya bakteria na hiki ni kirusi, hakishtuki. Ingekuwa ni hela tu imepotea ningenyamaza, lakini hebu nikuulize, jamaa alikuja na sindano ngapi? Maana hawa wanaozunguka vijijini nawajua, sindano moja kwa zizi zima, akimaliza anaifutia kwenye suruali anahamia kwa jirani. Kondoo mmoja akiwa na virusi kwenye damu ile ncha inavibeba mpaka kwa yule aliyekuwa mzima, yaani umemlipa mtu afanye kazi ya mbu. Na wote mnaosoma hapa msikimbilie kuchanja wenyewe ugonjwa ukishaingia, kwa sababu hiyohiyo ya sindano, na ile chanjo ya zamani ya virusi hai inaweza kumtoa mimba hata kondoo mzima. Chanjo ni kabla ya mvua, na achanje mtaalamu.

Vitoto na makondo usishike mikono mitupu wala usiwape mbwa, vaa glavu, huna glavu tumia mifuko ya plastiki miwili miwili, chimba shimo refu ufukie na chokaa. Maziwa chemsha. Nyama ya aliyekufa hailiwi, hata wazee wakikwambia wamekula toka zamani. Na yeyote hapo nyumbani akipata homa asimeze mseto akalala, aende hospitali na aseme mwenyewe kwamba ameshika kondoo waliotupa mimba, asiposema watampima malaria wamrudishe nyumbani.

Zizi lisitoe mnyama wala kuingiza. Mpigie afisa mifugo wa kata leo hii, asipopokea panda bodaboda nenda ofisi ya mifugo wilayani, damu ichukuliwe kabla ya siku ya mnada maana najua kuna jirani yako tayari anafikiria kuwapeleka wake wakauzwe.