Ganzi haina neno, mpime mtoto kwanza

Wanagenzi wangu, wiki jana nimekuta faili ya kijana wa Duchenne, ule ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, imeandikwa kwa wino mwekundu: “Asidungwe ganzi, ana ugonjwa wa misuli.” Jino moja tu la kung'oa, na mmeshampangia nusu kaputi thieta kubwa! Nilimaliza chai yangu kwanza ndipo nikawaita.

1. Hofu yenu imekaa pasipo pake. Kwa watoto hawa wa kuogopwa ni suksamethoni, dawa ya kulegeza misuli wakati wa nusu kaputi: potasiamu inamwagika kutoka kwenye misuli, moyo unasimama. Halotheni, gesi ya nusu kaputi, nayo inaweza kuiyeyusha hiyo misuli. Lignokeini na bupivakeini, dawa zetu za ganzi, hazina kesi hiyo. Hata mwenye ile hali ya kurithi ya kupandwa na homa kali akipewa nusu kaputi, ganzi ya sindano anadungwa. Uvumi wa zamani kwamba lignokeini huamsha homa hiyo ulishazikwa, sijui nani huufukua kila kundi jipya linaporipoti.

2. Kipimo. Lignokeini tupu, yaani isiyo na adrenalini, isizidi 3 mg kwa kilo. Mnaijua, mnaiimba. Mimi pia niliiimba.

Nilikuwa afisa wa kliniki mpya, hapahapa Kisumu. Mama alishuka kwenye tuktuk kutoka Nyalenda, kiti cha magurudumu kimefungwa nyuma kwa kamba ya katani, mwanawe wa miaka 12 amepasuliwa mguu na bati. Foleni ilikuwa imefika getini. Kumpima asiyesimama ni kazi, basi nikapiga hesabu ya umri: mara tatu, jumlisha saba, kilo 43. Nikavuta mililita 6 za asilimia 2, yaani 20 mg kwa kila mililita. Kidonda kirefu, mtoto analia, nikaongeza. Nikaongeza tena. Mililita 10 ziliisha na sikuhesabu. Hiyo ni 200 mg.

Akaniambia mdomo una ladha ya sarafu. Nikacheka, nikaendelea kushona. Kope zikaanza kuchezacheza, kisha vidole. Nikajiambia ni ule ugonjwa wake wa misuli. Mama ndiye aliyenishika mkono: “Daktari, huyu huwa hatetemeki. Huyu huchoka tu.”

Alikuwa sawa kabisa. Duchenne ni udhaifu, haimtetemeshi mtu hivyo. Kabla sijaweka sindano chini, degedege lilikuwa limeanza. Diazepamu ililituliza, lakini kifua chake dhaifu nacho kikalegea, nikamkamulia ambu, ule mfuko wa kumpumulisha mgonjwa, bega likiwaka moto huku nesi mkuu akinitazama bila kusema neno. Afadhali angenitukana. Alipozinduka aliomba soda.

Jioni tulimpima. Mama alimbeba wakapanda mizani wote wawili, kisha akapanda peke yake, tukatoa. Kilo 27. Haki yake ilikuwa mililita 4. Zoezi zima lilichukua dakika mbili.

3. Vuta pistoni ya sindano nyuma uone kama damu inaingia, kabla ya kusukuma dawa. Kila mara unapohamisha ncha, si mara ya kwanza tu.

4. Ganzi yenye adrenalini: moyo wa Duchenne mara nyingi umechoka, tazameni eko yake, ile picha ya moyo, kwanza. Akiwa anameza prednisoloni, ile dawa ya steroidi, msimkatishe siku ya kumtibu.

5. Msimlaze chali kama gunia la omena, mwinueni kichwa. Na yule wa mayotonia, ambaye misuli yake hukaza na kuchelewa kulegea, mfunikeni blanketi, baridi humkaza.

6. Mizani iko nyuma ya mlango wa thieta ndogo. Betri nimeweka jana, na aliyeazima ile ya kwanza kwa ajili ya rimoti ya runinga ninamjua.