Kubadili filta ya oili ya Kanta au Fuso mwenyewe, na kwa nini inavuja ukishamaliza

Wadogo zangu mnaoanza kushika gari, hasa nyie matingo mliopewa usukani juzi juzi na nyie mlionunua Kanta ya kwanza mnataka kubana matumizi, kumwaga oili na kubadili filta sio kazi ngumu, mnaiweza. Shida tunayoiona huku Kizota, Dodoma, ni gari kuja siku ya pili oili imetapakaa kuanzia kwenye sampu (lile bakuli la oili chini ya injini) mpaka kwenye giaboksi, afu mwenyewe anaapa kwamba alikaza mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sasa hapo ndo penye tatizo, alikaza. Filta haizuii oili kwa misuli ya mtu, inazuia kwa raba nzima kukaa juu ya chuma kisafi, basi. Ukilishika hilo nusu ya mambo ya kuvuja umeshamalizana nayo kabla hujafungua hata dumu.

Tuanze dukani. Usiende kununua filta kwa kutaja tu "naomba filta ya Fuso" maana Fuso zina injini za kila aina na kuna gari zina filta mbili za oili, nenda na namba ya injini au filta ya zamani mkononi. Muuzaji atakwambia hii inaingia. Kuingia itaingia, ila angalia vitu viwili, upana wa raba (ziweke filta mbili uso kwa uso, raba zilingane) na nyuzi za katikati. Kuna filta za nyuzi za milimita 20 zenye hatua (umbali wa uzi mpaka uzi) ya milimita 1.5, na kuna za inchi robo tatu zenye nyuzi 16 kwa inchi, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ile ya milimita 20 ukiifunga kwenye bomba la robo tatu (kile kibomba cha nyuzi cha kwenye bloku, yaani mwili wa injini) inaingia kwa kuchezacheza, ukikaza inashika, gari inawaka na wala haivuji, unafurahi. Afu inafika ile asubuhi ya mwezi wa saba, baridi ya Dodoma mnaijua, oili imekuwa nzito, mtu anawasha na kupiga resi hapo hapo, presha inapanda juu kabisa na filta inachomoka kama kizibo cha soda. Dakika chache oili yote ipo chini. Kwa hiyo filta mpya kabla ya kuipaka chochote ijaribu kwa mkono kwenye bomba lake, inatakiwa izunguke laini na isicheze kushoto kulia. Ikicheza irudishe dukani hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Gari iweke sehemu tambarare, handbreki juu, mawe au magogo kwenye matairi ya nyuma, na kama yako inataka kunyanyua kichwa hakikisha ule mkono wa kushikilia kebini umeingia kwenye loki yake, usiniambie "nachungulia mara moja tu". Washa injini iungurume dakika tano hadi kumi. Oili ya uvuguvugu inatoka na uchafu wake, ila ukitoka safari ya Singida saa hiyo hiyo ukalala chini ya sampu utaungua, subiri kwanza ipoe mpaka uweze kushika sampu kwa mkono.

Kabla ya kufungua kitu chochote safisha. Hii watu wanairuka kuliko zote. Sisi tunaoshinda barabara za vumbi, mtu katoka kubeba mahindi vijijini kuja soko la Kibaigwa, mwingine anabeba mchanga na tofali kwenye masaiti ya Mtumba kutwa nzima, gari inakuwa na tope la oili na vumbi limeganda kuzunguka filta na kwenye plagi ya sampu (ile boliti ya kumwagia oili). Ukifungua hivyo hivyo lile tope linadondokea pale pale raba inapokaa. Chukua brashi na dizeli kidogo, sugua, futa kwa kitambaa mpaka uone rangi ya chuma.

Fungua kifuniko cha kujazia oili juu ili hewa iingie, weka beseni, legeza plagi ya sampu kwa spana ringi au boksi inayokaa sawasawa. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, hapa naikataa kabisa, ndo inayokula kona za plagi mpaka siku nyingine mtu anakuja na patasi na nyundo. Iache imwagike mpaka ibaki matone, kama dakika 20 hivi, we endelea na filta.

Plagi ina washa yake, ya shaba au ya aluminiamu. Ile washa inapokazwa inajibonyeza na kujaza vimikwaruzo vya sampu, kwa hiyo ikishabonyea mara moja haina tena cha kutoa, weka mpya, ni hela ndogo. Kama upo porini na washa yako ni ya shaba, kuna ujanja wa mafundi wa zamani, ichome kwenye moto mpaka iwe nyekundu afu itumbukize kwenye maji, inarudi kuwa laini na itakusogeza mpaka mjini. Ya aluminiamu usijaribu, itayeyuka utabaki unashangaa. Na jamani silikoni kwenye plagi ya sampu hapana. Mnapaka nyingi kama mnabandika vigae, inayozidi inakatika ndani na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili, sasa umezuia tone moja nje umeua injini ndani. Plagi ianze kwa vidole, izunguke mpaka ifike mwisho ndo ushike spana, kama inagoma kwenye mzunguko wa kwanza imeingia upande, itoe uanze upya. Mwenye toki renchi (spana inayopima ukazaji) na kitabu cha gari akaze kwa namba ya kwenye kitabu. Asiye nayo akaze kwa spana fupi, asiongeze bomba la kurefusha spana. Sampu za aluminiamu zinachunika nyuzi haraka sana na ikishafika hapo unamtafuta fundi wa kukereza.

Filta yenyewe. Ikigoma kutoka zungushia msasa, upande wa kukwaruza ukae kwenye filta, shika kwa mikono miwili. Bado? Tumia spana ya filta ya mkanda au cheni. Kuichoma na bisibisi na kuigonga nyundo ni hatua ya mwisho kabisa, bati likichanika unabaki na kisahani kimeng'ang'ania kwenye bloku na huna pa kushika.

Sasa sikilizeni hapa vizuri. Ikitoka, igeuze uangalie raba ya zamani ipo kwenye filta au haipo. Kama haipo basi imebaki kwenye bloku, nyeusi, imebanana na chuma na ukiangalia kwa haraka unaona ni sehemu ya injini. Pitisha kidole kuzunguka, ukisikia ulaini kama mpira ndo yenyewe, ibandue. Ukifunga mpya juu yake unakuwa na raba mbili, zinateleza moja juu ya nyingine, mwanzoni zinashika tu vizuri, afu presha ikipanda moja inasukumwa nje na oili inamwagika yote mara moja, sio kwa matone. Kuna kijana mmoja wa huku alimaliza hivyo injini njiani kuelekea Kondoa, taa ya oili ikawaka mchana wa jua kali hakuiona, alikuja kushtuka na mlio. Hela ya kufungua injini ilikuwa nyingi kuliko mzigo wote wa alizeti aliokuwa amebeba. Angalia pia kama lile bomba la nyuzi halijatoka pamoja na filta ya zamani, linatokaga.

Futa uso wa bloku kwa kitambaa kisichoacha nyuzinyuzi. Raba mpya ipake oili mpya kwa kidole, oili sio grisi, kazi yake iteleze isijikunje unapokaza. Kama filta inafungwa mdomo ukiwa juu unaweza kuijaza oili kwanza ili tabo (chaja ya hewa ya injini) isizunguke kavu, ila mimina polepole kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni, sio tundu kubwa la katikati. Pembeni ndo oili inapoingilia kuchujwa, ile ya katikati ni njia ya kutokea kwenda kwenye beringi moja kwa moja, kwa hiyo uchafu wowote wa kwenye dumu au faneli yako utakuwa umeupeleka kwenye krenki bila kuchujwa. Faneli zetu tunazijua zilivyo.

Zungusha kwa mkono mpaka raba iguse, kuanzia pale ongeza robo tatu ya mzunguko mpaka mzunguko mmoja, filta nyingi zimeandikwa ubavuni kiasi chake, soma. Mkono unatosha. Spana ya filta ni ya kufungulia. Wenye Scania na gari zingine ambazo filta ni karatasi tupu ndani ya nyumba yenye kifuniko, kwenu raba ni oringi ya kwenye kifuniko, inakuja na filta mpya, ya zamani itupe hata kama inaonekana nzima, na hakikisha imekaa kwenye mfereji wake haijajisokota.

Jaza oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu, dizeli nyingi za huku zinatumia 15W-40, anza na pungufu kidogo kuliko kitabu kinavyosema afu umalizie kwa dipstiki. Kuzidisha "kwa usalama" sio usalama, krenki inaipiga oili inakuwa povu, presha ya ndani inapanda na inatafuta sili ya kutokea. Washa, usikanyage mafuta, subiri taa izime au geji inyanyuke, iache iungurume sailensa, bila kukanyaga, kama dakika mbili tatu huku umeshapitisha kitambaa cheupe au karatasi ya chooni chini ya filta na plagi. Zima, subiri dakika kumi, pima tena, lazima itakuwa imeshuka kidogo maana filta imekunywa, ongezea. Halafu tembea nayo kilomita chache ukaangalie tena. Ikiwa inalia matone kwenye filta usiikaze na spana, ifungue uangalie raba, kuna kitu kimekaa vibaya pale na kukaza hakutakitoa.

Na sio kila oili unayoiona kwenye filta ni ya filta. Oili inashuka, na feni inaipeleka nyuma, kwa hiyo tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) likivuja juu, tone linaning'inia kwenye sampu na wewe unalaumu plagi. Osha injini ikauke, nunua poda ya mtoto, ipulizie kuzunguka sehemu unazozishuku, washa kidogo, utaona njia ya oili imejichora kwenye weupe. Kama sili zimeanza kuvuja mbili tatu kwa pamoja kagua brida (kipumulio cha injini) kwanza kabla ya kununua sili, ikiziba kwa masizi na vumbi injini inakosa pa kupumulia na inasukuma oili popote palipo dhaifu. Nimeona watu wanashusha giaboksi kubadili sili ya nyuma ya krenki kumbe brida tu.

Filta ya zamani usiitupe haraka, ikate ufungue ile karatasi uikamue. Weusi ni masizi ya dizeli, kawaida. Ukiona unga unaong'aa wa rangi ya shaba hizo ni beringi zinaanza kuondoka, gari isipakie tena mpaka fundi aione.

Oili chafu usimwage mtaroni wala nyuma ya gereji, maji mengi ya huu mji tunayavuta ardhini kule Mzakwe, na kuna mafundi wa zege wanaitafuta hiyo oili kupaka mbao zao. Ila ukiwapa usiweke kwenye dumu la mafuta ya alizeti halafu likaachwa saiti, madumu huku yanaoshwa na kuuzwa tena barabarani, likatae kwa kulichora msalaba wa rangi nyekundu pande zote au litoboe likishamwagwa.