Usikisifu Kisu Kabla Hujakinoa

Msomaji wa Likoni amenitumia tathmini yake ya kisu cha jikoni, anauliza imekosa nini. Picha nzuri, na video kisu kikipasua karatasi bila kukwama. Ndugu yangu, hiyo si tathmini, ni shukrani kwa muuzaji. Karibu kila kisu kipya hupasua karatasi. Makali ya kiwandani hayakwambii chuma chenyewe ni cha namna gani. Hilo hujulikana kikishakuwa butu na kunolewa mara ya kwanza.

Taja yanayopimika: urefu wa bapa kwa sentimita, unene wa mgongo kwa milimita, uzito kwa gramu, bei kwa shilingi. Kama ulipewa bure, sema katika sentensi ya kwanza. Chuma kikiwa na jina, liandike. X50CrMoV15, kwa mfano, chuma cha visu vingi vya Ujerumani, ni laini kiasi: hunoleka upesi na hakimeguki ovyo, ila utakirudisha kwenye jiwe la kunolea mara kwa mara. Anayeandika "chuma bora" hajamwambia mtu kitu.

Kisha kipikie mwezi mzima, juu ya ubao uleule wa mbao. Ukikatia kwenye sahani au marumaru makali yatalala mara moja, nawe utakisingizia kisu. Kipimo kizuri ni nyanya iliyoiva sana. Weka makali juu ya ganda, vuta bila kukandamiza. Kisu kikali huzama kwa uzito wake. Kilichochoka huteleza, na nyanya hubonyea kabla ganda halijapasuka. Andika tarehe ilipotokea hivyo, na ulichokata hadi hapo. Vitunguu vya kachumbari havichoshi kisu. Uti wa mgongo wa nguru unakichosha. Lakini usimkate nguru kwa kisu chembamba cha mboga, halafu ulalamike kimetoka pengo.

Sasa noa. Jiwe la namba 1000 (namba huonyesha ulaini wa chembe zake), kama ni la kulowekwa, liache majini hadi mapovu yaishe. Laza kisu kwa digrii 15 hadi 20 na usugue upande mmoja tu, mpaka upande wa pili kidole gumba, kikitoka mgongoni kwenda nje, kihisi uzi mwembamba wa chuma umekunjika urefu wote wa makali. Ndipo ugeuze. Wengi hugeuza kabla ya uzi huo kutokea: jiwe bado halijafika ukingoni, kisu kinabaki butu, na lawama anabebeshwa mtengenezaji. Andika ulitumia dakika ngapi.

Kwetu Mombasa kuna jaribio jingine, la chumvi. Chuma "kisichoshika kutu" hulindwa na utando mwembamba unaotokana na kromiamu, na chumvi huutoboa, ikaacha vidoa vyenye vishimo. Usitazame katikati ya bapa, kule hufutwa kila siku. Tazama linapoingia mpinini, na kuzunguka ribiti, zile pini zinazoshika mpini. Mpini ukiwa wa mbao, pitisha ukucha kwenye maungio: ukinasa, maji yanaingia ndani, na shombo ya samaki haitatoka.

Piga picha ya hapo siku ya kwanza na siku ya 30, mwanga uleule. Kidoa kikionekana, kiweke kwenye tathmini, hata kama mwenye duka ni jirani yako pale Marikiti.