Chagua lawama utakazoziweza

Kiongozi mpole ataambiwa hana msimamo. Mkali ataitwa dikteta. Anayeomba maoni ya watu huonekana hajui kazi, na asiyeomba huonekana anajisikia. Nimeongoza timu kwa muda sasa, na sijaona mtindo uliokosa jina baya. Kwa hiyo usihangaike kutafuta usio na lawama. Tafuta ule ambao lawama zake unaweza kulala nazo.

Mimi ni mtu wa kusikiliza kwanza. Lawama zangu nimeshazizoea: "huyu anachelewa kuamua." Aliyenitangulia alikuwa na sauti kubwa, na wapo waliotaka niwe yeye, mmoja alinishauri hata nipige meza mara mojamoja. Ningeweza kuigiza, lakini ukali wa kuazima hudumu siku za shwari tu. Mambo yakichacha unarudi ulivyo, na watu wanabaki hawajui leo wamemkuta yupi. Hilo huwachosha kuliko ukali wenyewe.

Wengi hujifariji kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Sawa, ila wakati mwingine chura ana hoja! Nikiambiwa "wewe mpole mno", huuliza: upole huo umeharibu nini, na lini? Asiyekuwa na jibu anazungumzia ladha yake, namshukuru tunaendelea. Lakini akisema mteja alisubiri uamuzi wetu wiki nzima, hapo kuna kazi. Siku hizi natangaza mapema siku ya kufunga mjadala, na kesho yake asubuhi natoa uamuzi. Bado nasikiliza vilevile. Kilichobadilika ni ratiba.

Mwaka 1939 wanasaikolojia Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha utafiti wao kuhusu vikundi vya wavulana nchini Marekani vilivyoongozwa kwa mitindo tofauti. Walioongozwa kwa amri walichapa kazi kiongozi akiwapo. Akitoka, kazi ililegea. Walioshirikishwa waliendelea hata alipokuwa nje. Wale walikuwa watoto, na ofisi si klabu ya watoto, lakini kipimo hicho nimekichukua: nisipokuwapo, mambo yanakwendaje? Jibu lake hunisaidia kuliko maoni ya watu juu ya sauti yangu.

Tahadhari moja: "ndivyo nilivyo" isiwe kichaka cha kujificha. Kutukana watu si mtindo wa uongozi, wala kukwepa kumwambia mtu kwamba kazi yake ni mbovu si upole. Na moto ukiwaka hakuna mjadala. Hata msikilizaji hutoa amri, watu watoke kwanza.

Ukishindwa kujua lawama ipi uichukue, tazama inatoka kwa nani. Ya mtu mmoja aliyekosa cheo, ipime taratibu. Ileile ikiletwa na watu watatu wasioelewana wao kwa wao, ifanyie kazi wiki hiyohiyo.