Mashua inavuja: sanduku la zana lianze na nini?

SWALI: Shuleni kwetu Matema tumepewa mashua ndogo ya mashindano aina ya Laser, ya faiba, iliyokwishatumika. Tunataka kuwafundishia vijana mbio za tanga. Ina mikwaruzo mingi, na baada ya saa moja ziwani inakuwa nzito. Nimetenga fedha za sanduku la zana za matengenezo. Nianze na drili, grainda na kompresa? Na je, faiba inayouzwa Mbeya mjini inafaa kwa mashua? — Mwalimu, Kyela

JIBU: Mwalimu, grainda na kompresa ziondoe kwenye orodha leo hii. Drili isubiri. Mashua inayokuwa nzito imekunywa maji, na mpaka ujue yanaingilia wapi, huwezi kujua ununue nini.

Anza na mizani. Ganda la Laser likiwa kavu, bila tanga, mlingoti wala usukani, lina kilo 59 hivi. Kyela hamkosi mizani ya kupimia magunia ya mpunga au kakao. Fungua kizibo cha nyuma, inamisha mashua mpaka tone la mwisho, kisha ipandishe mizanini. Ikifika kilo 65 na kuendelea, ujue povu gumu la kuelea lililomo ndani ya ganda limelowa. Hapo hakuna zana ya kukusaidia zaidi ya kivuli chenye upepo na wiki kadhaa za subira, kizibo kikiwa wazi. Faiba haishiki juu ya unyevu, hata fundi awe nani.

Pili, tundu la mlingoti. Mlingoti wa Laser haushikiliwi na waya wowote. Nguvu yote ya tanga la mita za mraba 7 inaishia kwenye tundu hilo. Lijaze maji mpaka mdomoni, kanywe chai, rudi uangalie. Maji yakiwa yameshuka, mashua hiyo isiingie ziwani na mtoto wa mtu. Kitako cha tundu kimeachia au kimepasuka, na siku upepo ukikaza mlingoti utang'oka na kipande cha sitaha.

Tatu, povu la sabuni. Koroga sabuni ya unga mpaka itoe povu zito, upake kwa brashi kwenye mshono unaounganisha sitaha na ganda, kuzunguka mdomo wa ule ubao unaoshushwa katikati, kwenye skrubu za vyuma vya usukani, na kuzunguka fremu ya kizibo. Mbele ya sehemu ya kukalia, juu karibu na sitaha, kuna kitundu kidogo cha pumzi. Kibandike tepu kwa muda. Sasa chomeka mpira wa maji kwenye tundu la kizibo, uzungushie kitambaa kilicholowa, upulize kwa mdomo. Penye ufa utaona mapovu madogo yakichipuka mfululizo, na ukitega sikio utasikia mlio mwembamba wa hewa ikitoka. Weka alama. Pumzi yako inatosha kabisa; kompresa ya gereji inaweza kubandua sitaha kabla hujaifikia swichi.

Ukimaliza, toa ile tepu. Wapo wanaokiziba kitundu hicho moja kwa moja wakidhani ni mvujo. Mashua ikishinda juani hewa ya ndani inatanuka. Ukiitia ziwani inapoa ghafla na kusinyaa, na kama haina pa kupumulia itavuta maji kupitia kila ufa ilionao.

Mara nyingi utakuta mvujo uko kwenye skrubu za usukani au kwenye kizibo. Hiyo ni kazi ya bisibisi na gundi: fungua skrubu, kausha, paka gundi ya poliurethani kama Sikaflex, rudisha. Silikoni ya madirisha usiiguse. Haidumu, na pale ilipopita hakuna gundi wala rangi itakayoshika tena.

Kwa hiyo fedha zako zianzie kwenye ndoo ya kwenda nayo ufukweni. Ndoo ya rangi ya lita 10 yenye mfuniko inatosha. Weka bisibisi ya nyota na ya bapa, plaisi ya mdomo mrefu, spana ya kurekebisha, kisu chenye meno, tepu ya umeme, kiberiti cha gesi cha kuyeyushia ncha za kamba zisifumuke, sindano nene na uzi wenye nta, na mita kadhaa za kamba nyembamba ya milimita 4. Ongeza kizibo cha akiba, maana ndicho kitu cha kwanza vijana watakachopoteza. Skrubu za akiba ziwe za chuma kisichoshika kutu. Chukua sumaku uende nayo dukani, na zikinaswa kwa nguvu zirudishe. Tepu ya kubandikia tanga agiza mapema kutoka Dar es Salaam. Tanga lililochanika lioshe kwa maji safi, likauke, bandika pande zote mbili, kisha pitisha mishono pembeni.

Sasa faiba. Ndiyo, ya Mbeya inafaa. Resini, yaani gundi ya majimaji inayoloweshwa kwenye nyuzi za faiba, wanayotumia mafundi wa bampa na matangi ni ya poliesta, jamii moja na ganda la mashua yako. Nunua kilo moja, hadna yake (dawa ya kuigandisha), mita mbili za mati (mkeka wa nyuzi za faiba) ya gramu 300 kwa mita ya mraba, asitoni ya kusafishia, glovu, miwani, barakoa, na msasa namba 80 na wa maji namba 400 na 1000. Ila fundi wa magari akikwambia ufa utazibwa na puti ya bodi, mshukuru uondoke. Puti hiyo inanyonya maji. Ndani ya msimu mmoja itavimba na kubanduka.

Hadna ipime kwa bomba la sindano la duka la dawa, usikisie. Kwa gramu 100 za resini weka kati ya mililita 1 na 2. Kwa joto la Kyela shika ile 1, la sivyo itagandia koponi ukiwa bado unakata mati. Huku kwetu Mbeya, Juni na Julai, tatizo ni kinyume chake: chini ya nyuzi 15 resini inasuasua na inaweza isikauke vizuri kamwe. Kama kazi inaweza kufanyika huko chini, ifanyie huko. Na ukiuziwa chupa ya kobalti ya zambarau pembeni, ambayo ni dawa ya kuharakisha ugandaji, ujue inachanganywa na resini kwanza, ikolee, ndipo hadna ifuate. Kobalti na hadna zikikutana zenyewe zinalipuka. Hadna ikirukia jichoni inapofusha, ndiyo maana miwani imo kwenye bajeti.

Ufa wenyewe usugue kwa mkono kwa namba 80 mpaka kingo zake ziwe mteremko mpana, kisha mati tabaka tatu, kila moja ikizidi mwenzake kwa sentimita mbili. Juu funika kwa nailoni ngumu ya madaftari, usukume hewa yote itoke; resini hii ikiguswa na hewa inabaki inanata juu. Rudisha umbo lilelile la mwanzo, maana kanuni za mashindano za mashua hizi zinaruhusu matengenezo, haziruhusu kubadili umbo.

Tundu la mlingoti likiwa ndilo bovu, usijaribu mwenyewe, ilete huku. Ila ng'oa kizibo kabla gari halijaondoka. Ziwa liko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, Mbeya mjini ni kama 1,700, na barabara ya Tukuyu inapita juu zaidi ya hapo. Huko juu hewa ya nje ni nyepesi, hivyo hewa ya Kyela iliyofungiwa ndani itasukuma sitaha kwa nguvu inayozidi tani moja kwa kila mita ya mraba, na kile kitundu cha pumzi kikiwa kimezibwa na mchanga, utanishushia mashua yenye ufa mpya.